KIMYA KISICHO NA WA KUKUSIKIA



Leo msikimbilie kuandika Amina kabla hamjafika mwisho. Neno letu ni Zaburi 131 na Luka 7:11-17. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, halafu urudi hapa tuzungumze.

Juma lililopita mtu alituma picha katika kundi letu la WhatsApp. Dada yetu mmoja ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Chini yake pameandikwa: "Tumwombee huyu, amekuwa Mbudha." Kabla jua halijatua kulikuwa na jumbe zaidi ya mia moja. Wengine walikuwa wanafunga mapepo ya kutoka India. Wengine walikuwa wanacheka: "Jameni, hayo ni mazoezi ya kupumua tu, hata madaktari wanayafundisha." Hakuna aliyempigia simu.

Nilifuta ile picha, nikampigia. Tumeongea mara mbili. Haya ninayoandika ameyasoma kwanza na ameniruhusu, bila jina lake. Msimtafute. Ukimjua, nyamaza.

Niseme mapema ninaposimama. Mimi ninapinga. Naamini mtu wa Yesu hapaswi kuipeleka nafsi yake katika shule ile, na nitawaeleza sababu. Lakini kwanza niwaambie ni nani aliyempeleka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyempeleka ni mimi mchungaji wenu, na baadhi yenu mnaosoma hapa.

Dada huyu ni muuguzi. Anafanya zamu za usiku. Mwaka juzi alimzika mtoto wa siku mbili. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, na mimi nikamwita mbele. Nikampaka mafuta. Nikapaza sauti, nikamtabiria mtoto mwingine kabla mwaka haujaisha. Kinanda kikapanda, kanisa likalipuka kwa vigelegele, na yeye akarudi kuketi. Wapendwa, sikumwuliza mtoto aliitwa nani.

Mwaka ukaisha. Mtoto hakuja. Akaja ofisini, akanikuta natoka kwenda mkutano wa maandalizi ya krusedi. Nikiwa mlangoni, ufunguo mkononi, nikamwambia afunge siku tatu. Mama mmoja wa maombi akamwonya kwamba kulia sana kunafungua mlango kwa roho ya mauti. Basi akaacha kulia mbele yetu. Usingizi nao ukamwacha.

Ni mwenzake wa kazini aliyemwekea programu kwenye simu. Sauti ya upole inakwambia uketi, uiangalie pumzi yako ikiingia na kutoka, wazo likija usipigane nalo, uliache lipite, urudi kwenye pumzi. Dakika kumi tu. Aliniambia, "Pasta, tangu nimzike mtoto, hiyo ndiyo sauti ya kwanza iliyoniambia nikae tu. Nyinyi nyote mlikuwa mnaniambia nisimame."

Nilinyamaza kwenye simu. Ningesema nini?

Baada ya miezi kadhaa, zile dakika kumi hazikutosha. Akaomba likizo, akaenda kozi ya siku kumi ya kimya.

Sasa niwageukie nyinyi mnaosema ni kupumua tu. Nawaheshimu, lakini hamjasoma. Kupumua ni kwa Mungu. Mwanzo 2:7 inatuambia nani aliyetupulizia pumzi puani. Kama daktari amekufundisha kupumua polepole moyo unapokwenda mbio, pumua, umshukuru Mungu. Kama unatibiwa msongo wa mawazo, usiache dawa wala kliniki kwa sababu ya kitu chochote ulichosoma kwenye ukurasa huu. Mimi nazungumzia njia ya kiroho yenye mwalimu wake, mafundisho yake na mwisho wake.

Mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts kule Marekani, mwanasayansi aitwaye Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Programu yake ilikuwa ya majuma nane. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha. Alichukua ule utaratibu wa kuketi na kuangalia pumzi, akauvua nguo za dini, akauingiza hospitalini. Kutoka hapo ukaenda shuleni, maofisini, jeshini, na leo uko kwenye simu yako. Hilo ni tawi moja.

Tawi la pili ndilo alilolifikia dada yetu, linaitwa vipasana. Aliyelisambaza sana duniani ni S. N. Goenka, mfanyabiashara wa ukoo wa Kihindi aliyezaliwa Burma mwaka 1924. Aliteswa na maumivu makali ya kichwa, akatafuta madaktari, mwisho akajifunza meditesheni kwa mwalimu wa Kiburma, U Ba Khin. Mwaka 1969 akaipeleka India, na leo kozi zake ziko duniani kote. Alisisitiza maisha yake yote kwamba hamtoi mtu katika dini yake. Kozi hazina ada. Unalala hapo, unakula hapo, na ukimaliza unatoa sadaka ukitaka. Hapo niwape heshima yao: kuna madhabahu zetu ambapo mtu haombewi kabla bahasha haijaonekana.

Lakini sikiliza utaratibu wenyewe. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Unaketi karibu saa kumi kwa siku. Huongei na mwenzako, hata kwa ishara. Hakuna simu, hakuna kitabu, hakuna kalamu, na Biblia pia inabaki nje. Siku tatu za kwanza unaangalia pumzi puani. Siku ya nne unaanza kupitisha akili mwilini, kutoka utosini hadi vidoleni, ukiangalia kila hisia bila kuipenda na bila kuichukia. Mwanzoni kabisa unatamka maneno ya kujikabidhi kwa Budha, kwa mafundisho yake na kwa jamii yake. Na kwa siku zote hizo unakubali kuacha aina nyingine yoyote ya ibada. Maombi yamo.

Sisingizii mtu. Hawafichi. Ni kanuni wanazokupa usome kabla ya kuingia. Wana adabu ya kukwambia mlangoni: hapa ndani hatuombi. Wewe Mkristo unayesema ni kupumua tu, je, uliulizwa uache kuomba ulipokwenda kujifunza kuendesha gari?

Wanao sababu. Meditesheni hii haikuanzishwa ili ulale vizuri. Budha, yule mwana wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Siddhartha Gautama, anayesimuliwa kwamba aliaga mke na mtoto mchanga akiwa na miaka 29 akaenda kutafuta jibu la mateso, alifundisha kwamba maisha yamejaa mateso na chanzo chake ni kutamani. Kila kitu kinapita. Na hata ile "mimi" unayoitetea, ukiitazama kwa makini, hutaipata. Pumzi ni mlango tu. Ndani ya nyumba kuna somo hilo: hakuna nafsi ya kudumu ya kushikwa, na ukiacha kushika, mateso yanazimika. Ni fundisho zito, limefikiriwa na watu wenye akili kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mchungaji anayelicheka kwa kusema "wanaabudu sanamu yenye kitambi" amejiaibisha mwenyewe.

Kuna ndugu wa hapa jirani anayelisema waziwazi. Bhante Buddharakkhita ni Mganda. Alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa wa Kibudha, akaifuata njia hiyo miaka mingi hadi akatawazwa kuwa mtawa mwaka 2002. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibudha kule Entebbe. Sikubaliani naye katika jambo kubwa kuliko yote. Lakini ninamheshimu, kwa sababu alijua anakwenda wapi, akanyoa kichwa, akavaa vazi lake. Ninayemhofia ni yule anayeimba "Yesu ni Bwana" Jumapili na Jumatatu anajifunza kwamba hakuna wa kumwita Bwana na hakuna anayeita. Njia mbili zilimshinda fisi.

Sasa nirudi kwa dada yetu. Nilimwuliza, "Kule kozini, nini kilitokea?" Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia maneno haya, na tangu siku hiyo hayajanitoka:

"Siku ya sita, Pasta, jina la mtoto lilinijia. Nikataka kumwambia Mungu. Nikakumbuka nimekubali kutoomba. Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikaliangalia lile jina linavyokuja. Nikaliangalia linavyokwenda."

Nikamwuliza, "Likaenda?"

"Likaenda. Na hapo ndipo nilipoogopa."

Wapendwa, hapo ndipo penye hoja yangu yote. Sisemi meditesheni haifanyi kazi. Inafanya kazi. Ilimfanyia. Ilimletea utulivu ambao maombi yangu ya kelele hayakumletea. Lakini tazama ilimfundisha nini: kulitazama jina la mwanawe kama wingu, lije, lipite. Najua watanijibu kwamba siku ya mwisho wanafundishwa kuwatakia viumbe wote heri, na ni jambo jema. Lakini mama huyu hakuwa anatafuta heri ya viumbe wote. Alikuwa na jina moja mdomoni, na chumba kile hakikuwa na wa kuambiwa.

Wabudha wana simulizi yao ya kale. Mama aitwaye Kisagotami alifiwa na mtoto wake mdogo. Akambeba yule maiti nyumba kwa nyumba akitafuta dawa. Akafika kwa Budha. Budha akamwambia amletee punje za haradali, ila zitoke katika nyumba ambayo hakujawahi kufa mtu. Ndiyo, haradali ileile. Akazunguka. Kila nyumba ilikuwa na haradali, na kila nyumba ilikuwa na kaburi. Akaelewa. Akaenda kumzika mwanawe, akarudi kuwa mfuasi.

Mimi nikiisoma simulizi hiyo silioni pepo ndani yake. Naona mwalimu mwenye huruma anayesema ukweli: kila mtu hufiwa. Tena naona aibu, kwa sababu angalau yeye alimpeleka yule mama kwenye nyumba za watu waliofiwa, akawasikiliza. Sisi tulimpeleka wa kwetu kwenye spika.

Lakini sasa fungua Luka 7. Yesu anafika lango la mji wa Naini. Jeneza linatoka. Aliyekufa ni mtoto wa pekee, na mama yake ni mjane. Yesu hakumtuma aende kuhesabu nyumba zilizofiwa. Luka anasema Bwana alipomwona alimhurumia. Akasogea, akaligusa jeneza, jambo ambalo lilimtia mtu unajisi. Akamwamuru kijana ainuke, halafu, angalia mstari wa 15, akamrudisha kwa mama yake. Kwa mama yake! Yule mtoto hakuwa wingu la kupita. Alikuwa wa mtu.

Nawajua wengine mtasema, "Pasta, mtoto wa dada yetu hakufufuka." Ni kweli. Wala sitamtabiria tena. Lakini nenda Yohana 11. Yesu anajua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, na bado analia. Kama kushikamana na mpendwa ni kosa la akili linalohitaji kutibiwa, basi Yesu pale kaburini alikuwa mgonjwa. Mimi nasema hakuwa mgonjwa. Machozi yale ndiyo Injili. Nenda pia Isaya 49:15-16, ambapo Mungu anajilinganisha na mama anayenyonyesha, na anasema hata mama akisahau, Yeye hasahau, amechora viganjani mwake. Budha anakufundisha kufungua kiganja ili kitu kiende. Mungu wetu anatuonyesha kiganja kilichochorwa jina, na baadaye kikatobolewa msumari.

Hiyo ndiyo tofauti. Nafsi tulivu ni jambo zuri. Lakini kimya kisicho na wa kukusikia, hata kiwe kitamu namna gani, ni chumba kitupu chenye mazulia mazuri.

Sasa niwageukie wale mliokuwa mnafunga mapepo. Ninyi nanyi mna kesi.

Mlisema kutafakari ni kwa mashetani. Basi Zaburi 1 iko wapi? Yoshua 1:8 iko wapi? Mwanzo 24:63 inamwonyesha Isaka akitoka kondeni jioni kutafakari. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu wa Kiebrania alitufundisha kwamba neno lililotumika katika Zaburi 1 na Yoshua 1 ni haga. Maana yake ni kunong'ona, kunguruma kwa sauti ya chini. Neno hilohilo Isaya 31:4 inalitumia kwa simba anayengurumia windo lake, na Isaya 38:14 kwa njiwa anayeomboleza. Kutafakari kwa Biblia hakuondoi kitu akilini. Unaweka Neno kinywani ukalirudiarudia, kama ng'ombe aliyelala zizini jioni anacheua alichokula mchana. Na ukiwa na huzuni, unaruhusiwa kulia kama njiwa. Hiyo nayo ni haga.

Wala kimya si mali ya Asia. Miaka 1,700 hivi iliyopita, hapa Afrika, Antoni wa Misri aliuza mali yake akaenda jangwani kuomba, na maelfu wakamfuata. Eliya kule Horebu hakumkuta Bwana katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Yesu mwenyewe, Marko 1:35, aliamka gizani akaenda mahali pasipo watu. Daudi katika Zaburi 131 anaituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, aliye kifuani pa mama yake. Soma vizuri: kifuani pa mama. Ametulia kwa sababu kuna mtu amemshika.

Tulikuwa na urithi huu wote, tukaufungia kabatini. Sisi tukanunua spika. Kesha zetu zina saa sita za sauti bila dakika moja ya kunyamaza. Tukiona watu wameketi kimya, tunamwambia mpiga kinanda aingie, tunaogopa "upako utapoa." Halafu muuguzi anayetoka zamu ya usiku akitafuta kimya mahali pengine, tunashangaa. Tunamwita mwasi. Mtoto asipopewa chakula nyumbani atakula kwa jirani, na si yeye wa kuchapwa.

Kwa hiyo nimeamua mambo matatu, na mnishike kwayo.

Kwanza, katika kanisa hili hakuna mtu atakayetabiriwa mtoto, mume wala gari akiwa amevaa msiba. Mimi nikiwa wa kwanza kukatazwa. Tutakwenda nyumbani kwake, tutaketi, tutauliza jina la marehemu, na tutalitaja tunapoomba.

Pili, kuanzia juma hili kila Jumatano saa kumi na mbili jioni kanisa litakuwa wazi kwa saa moja. Mitambo itazimwa. Zaburi moja itasomwa mara tatu polepole. Mengine ni wewe na Mungu wako. Ukilia, lia. Ukisinzia, sinzia, Bwana anajua ulivyochoka.

Tatu, wewe uliye na programu hiyo kwenye simu, sikuhukumu, wala sitatuma mtu kuikagua. Nakuuliza swali moja tu. Jina linalokuuma likija pale kwenye kimya, unamwambia nani? Kama jibu ni "naliacha lipite," basi, mpendwa, umepewa ganzi na jeraha bado liko. Geuza kile kimya. Keti vilevile, pumua vilevile, lakini umwite Baba.

Mtauliza dada yetu yuko wapi. Jumapili alikuja, akaketi kiti cha nyuma karibu na mlango, akaondoka kabla ya sadaka. Hajaniahidi kwamba ataacha, nami sikumlazimisha. Kabla hatujakata simu mara ya pili aliniuliza, "Pasta, nikiomba sasa, baada ya haya yote, nitamwambia Mungu nini?"

Nilikuwa na mahubiri tayari kinywani. Nikayameza. Nikamwambia, "Mwambie jina lake."

Halafu, kwa mara ya kwanza, nikamwuliza linaitwaje. Akaniambia. Sitaliandika hapa. Nimelichora mahali pangu pa maombi.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi wachungaji tuliopaza sauti mahali pa kuketi. Wakumbuke wote waliozika na wakaambiwa wasilie. Wape kimya chenye Wewe ndani yake. Katika jina la Yesu aliyelia kaburini.

Sasa unaweza kuandika Amina. Lakini kabla ya kuandika, mpigie simu mtu mmoja aliyefiwa, uulize jina.

Mchungaji wenu.